Mnara wa Chumbe: taa inayoonyesha mwamba ulipo

Karibu na bandari ya Zanzibar kuna mnara wa taa uliojengwa mwaka wa 1904. Mutu wa Kolwezi anaweza kuuliza: mnara wa baharini unatuhusu nini siye watu wa mgodi? Unatuhusu kwa njia ya shaba, kwa njia ya lugha, na zaidi ya yote kwa ile taa tunayofunga ku kichwa mbele ya kushuka.

Kolwezi hatuna bahari. Tuko na Lualaba, tuko na ziwa la Nzilo ambako wavuvi wanatoka na mitumbwi yao, tuko na mashimo ya mgodi yanayojaa maji wakati wa mvua. Bahari yenyewe, mara mingi tunaisikia tu mu midomo ya madereva. Wao njo wanajua njia. Unatoka hapa, unapita Likasi na Lubumbashi, unangojea siku ku mpaka wa Kasumbalesa, unakata Zambia, unaingia Tanzania kwa Tunduma, unashuka Mbeya, Iringa na Morogoro, mpaka unasikia harufu ya chumvi: umefika Dar es Salaam. Ni safari ya zaidi ya kilometa 2000.

Maji ya Lualaba yanakwenda upande mwingine. Yanapanda kaskazini, yanageuka, yanakuwa mto Kongo, na mwisho yanamwagika ku bahari ya Atlantiki kule Banana. Lakini sehemu kubwa ya shaba yetu inafuata upande jua linapotoka. Mabamba ya shaba yanayopita mbele ya nyumba zetu kila asubuhi juu ya makamyo, mengi yatapanda meli mu bahari ya Hindi. Na mu bahari ile, mbele ya muji wa Zanzibar, kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Chumbe. Juu yake kunasimama mnara tunaotaka kuongea leo.

NENO TUNALOLIJUA KWA MOTOKARI

Neno « phare » kila mutu hapa analijua. Fare moja ya gari ikikufa, polisi wa barabara atakusimamisha, na utajua bei yake. Lakini neno lile halikutoka mu gari, limetoka baharini. Pharos lilikuwa jina la kisiwa kidogo mbele ya muji wa Alexandria, inchi ya Misri. Pale, karibu miaka 280 mbele ya Kristo, walijenga mnara uliopita metres 100, na moto ukiwaka juu yake usiku. Matetemeko ya inchi yaliuangusha mnara ule nyuma ya karne nyingi, lakini jina likabaki. Wafaransa wakalichukua kwa minara yote ya taa, kiisha wakalipa hata motokari. Waswahili wa pwani wao wanasema tu: mnara wa taa.

Kazi yake ni ya kuonya. Fikiri wewe ni nahodha. Usiku ni giza, chombo chako kimejaa watu na mizigo, na chini ya maji kuna miamba ambayo macho hayaoni. Mnara hauwezi kuondoa mwamba. Hauwezi kushika usukani wako. Unakuambia neno moja tu: mimi niko hapa, na hatari iko karibu na mimi, pitia mbali.

Na ili usichanganye mnara huu na mnara ule, kila mmoja unapewa namna yake ya kuwaka na kuzima. Mmoja unapiga mara moja kisha unatulia; mwingine unapiga mara mbili ama tatu. Nahodha anahesabu, anaangalia karta yake, anajua: kumbe niko fasi fulani. Wazee wetu wa kambi wanaelewa jambo hili vizuri. Wakati wao, sireni ya kazi ilikuwa na sauti zake. Mama alikuwa nyumbani, hana saa ku mkono, lakini sireni ikilia alijua: baba anaingia, baba anatoka. Na ikilia saa isiyo yake, wanawake wote walitoka inje na kuangalia upande wa mgodi.

Moto wenyewe mara nyingi ni mdogo kuliko unavyofikiri. Nguvu yake inatoka mu kioo. Mufaransa mmoja, Augustin Fresnel, alipata akili ya kupanga vioo vingi vilivyokatwa kama ngazi kuzunguka taa. Mwanga uliokuwa unapotea juu, chini na pembeni, vioo vile vinaukusanya na kuutuma upande mmoja, mbali kabisa. Kioo chake cha kwanza kiliwekwa mwaka wa 1823 ku mnara wa Cordouan, Ufaransa. Tangu pale, minara ya dunia nzima ikafuata.

SHABA YETU ILIFIKA PWANI MBELE YA MAKAMYO

Wengi wanafikiri njia ya mashariki ilianza na kampuni kubwa. Hapana. Mbele ya reli, mbele ya Wabelgiji, shaba ya huku ilikuwa inatembea juu ya mabega ya watu. Mafundi wa zamani waliyeyusha mawe mu vinu vya udongo, wakamimina shaba kwa umbo la musalaba: zile croisettes ambazo leo tunaona mu musée. Wafanyabiashara Wanyamwezi, kutoka upande wa Tabora, walikuja kuzinunua. Mmoja wao, Msiri, hakurudi kwao. Alibaki, akakuwa mfalme, akajenga muji wake Bunkeya, ambao leo uko mu jimbo letu la Lualaba. Misafara ilitoka kwake na shaba, meno ya tembo na, tusifiche, watumwa. Ilirudi na bunduki, baruti, vitambaa na ushanga. Njia ilipita Tabora mpaka Bagamoyo, na ng'ambo ya maji ilikuwa Zanzibar, soko kubwa kupita yote. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati Wazungu walikuja kuchukua inchi yake.

Ku njia ile ile lugha nayo ilitembea. Kiswahili hiki tunachosema ku soko, ku shimo na ku kanisa, kiwe kimechanganyika na Kifaransa, Kiluba, Kisanga ama Kibemba, mizizi yake iko pwani. Kwa hiyo, tukiongea juu ya Zanzibar, hatuongei juu ya watu wasiotuhusu hata kidogo. Ni kama kuuliza habari za nyumba ya babu ambayo hatujafika.

MNARA WA SULTANI NA DAKIKA KARIBU 40

Bandari ya Zanzibar wakati ule ilijaa vyombo. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na India, yakarudi na upepo wa kusi. Meli za moshi za Ulaya zikaongezeka. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala toka 1870 mpaka 1888, alitaka muji wake uonekane mkubwa. Mwaka wa 1883 alijenga mbele ya bahari jumba la Beit al-Ajaib, maana yake nyumba ya maajabu. Lilikuwa na umeme, kitu ambacho watu wa kule hawakuwa wamekiona. Na mbele ya majumba yake, karibu kabisa na maji, ulisimama mnara mrefu wenye saa na taa. Nahodha akiingia usiku, aliona mwanga wa sultani mbele ya kuona muji.

Mnara ule haukudumu. Tarehe 25 Agosti 1896, sultani aliyekuwa anatawala alikufa. Khalid, mutoto wa Barghash, akaingia mu jumba bila ruhusa ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameweka Zanzibar chini ya ulinzi wao. Wakamupa saa ya mwisho ya kutoka: saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Manowari zilizokuwa bandarini zikafungua mizinga. Vita vile vilikwisha mu dakika karibu 40 tu. Wengi wanaviita vita vifupi kupita vyote vya dunia. Lakini ufupi hauonyeshi uzito: watu karibu 500 upande wa sultani waliuawa ama kuumizwa. Majumba ya mbele yakavunjika, na mnara wa taa nao ukaharibika. Kiisha ukabomolewa. Mwaka wa 1897, Beit al-Ajaib ilipotengenezwa upya, ilipewa mnara wa saa ku uso wake.

Hata huo wa pili haujasimama mpaka leo. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, upande wa mbele wa Beit al-Ajaib uliporomoka wakati kazi ya kuitengeneza ilikuwa inaendelea. Watu 2 walikufa chini ya mawe. Siye watu wa mgodi hatuhitaji kuelezwa maana ya habari sawa hii. Ukuta wa zamani unaongea mbele ya kuanguka: unatoa ufa, unatoa vumbi. Swali ni nani anasikiliza, na akisikia, nani atakubali kusimamisha kazi.

CHUMBE, 1904

Miaka 8 nyuma ya mizinga ile, mnara mwingine ulijengwa, safari hii si mbele ya jumba la mfalme. Ulijengwa pale hatari yenyewe ilipo. Chumbe ni kisiwa kidogo cha hektari 22 hivi, kilometa 12 kusini-magharibi ya muji wa Zanzibar. Chini yake ni mawe ya matumbawe. Haya matumbawe si mawe ya kawaida: ni nyumba za viumbe vidogo vya bahari, ambavyo vinajenga kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, mpaka nyumba zinakuwa mwamba. Wakati maji yamejaa, mwamba unafichama. Jahazi la mbao likiupanda, limekwisha.

Vyombo vinavyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja vinapita mu mkondo wa bahari ulio kati ya kisiwa na bara. Vile vile vinavyotoka huko kwenda Tanga ama Mombasa. Kwa hiyo Waingereza waliweka mnara Chumbe. Ili ufike juu, unapanda ngazi zaidi ya 130, na unatoka ku baraza ambako unaona bahari upande wote, majahazi yenye tanga nyeupe, na boti za abiria zinazokata maji kati ya Dar na Unguja.

Walinzi wa mnara walikaa pale pale kisiwani, na nyumba yao, na msikiti mdogo wa kusalia. Ilikuwa kazi ya posti, sawa vile yetu: jua linapozama, mmoja anapanda; usiku wote taa isikufe; asubuhi anashuka, anasafisha vioo, anapanga vitu kwa usiku unaofuata. Mlinzi akilala, hakuna anayemuona. Ila ataonekana kesho, kwa mbao zinazoelea.

GESI YA CARBURE, ILE ILE TUNAYOIJUA

Hapa njo mnara wa Chumbe unakuja karibu kabisa na siye. Mwaka wa 1926 taa yake ilibadilishwa. Waliweka taa ya gesi ya kampuni AGA kutoka Suède. Gesi ile ni asetileni. Fundi soudeur wa quartier anaijua: unatwaa mawe ya carbure, unaangushia maji, gesi inatoka, inanuka, na ukiiwasha inatoa moto mweupe mukali. Gesi ile ile njo iliwaka mu taa za carbure ambazo wachimbaji wa dunia walifunga ku kofia, mbele ya taa za betri. Chini walikuwa na sanduku dogo la carbure, juu maji ya matone, mbele bamba la kung'aa. Basi mwanga uliowaongoza mabaharia juu ya mwamba na mwanga uliowaongoza wachimbaji ndani ya mwamba vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mutu aliyetengeneza taa za namna ile aliitwa Gustaf Dalén, mutoto wa mukulima wa Suède, aliyezaliwa 1869. Asetileni inatoa mwanga mzuri, lakini ni gesi ya hasira: ukiikandamiza vibaya, inapasuka. Kampuni yake ilitengeneza mitungi iliyojazwa kitu chenye matundu madogo madogo, na ndani asetoni inayokunywa gesi, ili isipasuke njiani. Aliunda pia chombo cha kuwasha na kuzima moto kwa pigo fupi fupi. Hivyo taa haikuwaka bure muda wote, na sehemu kubwa ya gesi ikabaki.

Kitu chake cha tatu njo kiliwashangaza watu zaidi: kufuli la jua. Ni fito nne za chuma ndani ya kioo. Tatu zinang'aa, zinarudisha mwanga. Moja ya katikati imepakwa nyeusi, inakunywa mwanga. Asubuhi jua likitoka, fito nyeusi inapata joto kupita nyingine, inarefuka kidogo sana, inasukuma mlango wa gesi, taa inazima yenyewe. Magaribi inapoa, inarudi fupi, mlango unafunguka, taa inawaka. Hakuna mutu. Taa ya namna ile iliweza kukaa miezi mingi, hata mwaka, bila mkono kuigusa. Wataalamu wengine walisema haiwezekani, mpaka walipoiona.

Mwaka wa 1912 Dalén alipewa Prix Nobel ya fizike. Lakini mwaka ule ule, mbele ya kupewa, alikuwa anajaribu mitungi ya asetileni, na mmoja ukapasuka. Alipona, lakini macho yake yalikufa. Mutu aliyewapa mabaharia mwanga, yeye mwenyewe hakuona tena. Hakuacha kazi: aliongoza kampuni yake miaka 25 bila macho, mpaka alipokufa mwaka wa 1937.

Habari hii iko na pande mbili, na familia za wafanyakazi zitaziona zote. Upande mmoja, taa ikakuwa salama zaidi, kwa sababu mashini hailali. Upande mwingine, minara mingi ya dunia haikuhitaji tena walinzi kama zamani. Kazi iliyolisha nyumba kwa miaka mingi ikabaki kazi ya kupita mara moja moja, kuangalia mitungi na kusafisha kioo. Kolwezi tumeona mashini zikiingia na tumeona majina yakitoka ku liste. Tunajua kwamba maendeleo yanaweza kuokoa mkono wa mutu na kumwachisha kazi siku moja.

TAA ILIKUWAKO, WATU WAKAFA

Tusiseme kwamba mnara unatosha. Bahari ya Zanzibar imetoa somo kali.

Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli MV Spice Islander I ilikuwa inatoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi kwa mbali, pamoja na mizigo. Ilizama mu mkondo wa Nungwi, kaskazini ya kisiwa. Nungwi nako kuna mnara wa taa. Watu walishika magodoro yaliyokuwa yanaelea, wakangojea asubuhi. Hesabu ya kwanza ya wafu ilipita 200; hesabu ya serikali iliyokuja nyuma, pamoja na waliopotea, ilipita 1500. Hapana giza njo liliwaua. Hapana mwamba. Ni uzito, na mikono iliyopokea feza ya tiketi bila kuhesabu vichwa.

Mwaka mmoja haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilitoka Dar es Salaam muchana kwenda Unguja. Ilikuwa boti iliyotumika zamani Marekani, mu maji ya jimbo la Washington. Siku ile upepo ulikuwa mukali na mawimbi makubwa. Ilipinduka karibu na Chumbe, kisiwa chenye mnara. Watu zaidi ya 100 walikufa ama walipotea. Ilikuwa muchana, kila mwenye macho aliweza kuuona mnara ule mweupe wa jua. Lakini mnara hauwezi kumwambia nahodha: leo usitoke, bahari ni mbaya. Neno lile lazima liseme mutu, na mwenye chombo akubali kupoteza feza ya siku moja.

Nani hapa hajaelewa? Tarehe 27 Juni 2019, karibu na muji wetu, kingo za shimo kubwa la wazi ziliporomoka juu ya ba creuseurs waliokuwa ndani. Walikufa 43 kwa uchache. Hawakuwa watu wasiojua hatari. Mutu anayeshuka kila siku anaijua hatari kuliko mutu wa ofisi. Sheria nayo iko: shimo la creuseur lisipite metres 30. Ni taa, inawaka. Lakini mutoto yuko nyumbani na njaa, pesa ya masomo inadaiwa, na mshipa wa minere unaendelea chini, metre ya 31, metre ya 40. Taa inaonyesha mwamba, na chombo kinapita palepale, kwa sababu palepale njo kuna samaki.

Basi tusimulaumu nahodha peke yake, wala creuseur peke yake. Tuulize pia: ku bandari ile, nani alihesabu abiria? Ku shimo hili, nani ananunua minere bila kuuliza imetoka metre gani? Mnara unalindwa na mutu mmoja usiku, lakini usalama wa bandari unashikwa na watu wengi: mwenye kupima mzigo, mwenye kutoa ruhusa, mwenye kusema hapana.

KISIWA KILICHOPATA KAZI MPYA

Chumbe ina habari ya mwisho, na hii ni nzuri. Kwa sababu ya njia ya meli na askari wa karibu, vyombo vidogo vilikatazwa kwa muda mrefu kukaribia mwamba wa magharibi ya kisiwa. Hakuna aliyekusudia kulinda samaki, lakini samaki walilindwa. Fasi nyingine za pwani, baruti na nyavu zilikuwa zinavunja matumbawe. Pale yalibaki mazima.

Mwaka wa 1991, mama mmoja Mujerumani, Sibylle Riedmiller, alianzisha mpango wa kugeuza kisiwa kuwa hifadhi. Mwaka wa 1994 serikali ya Zanzibar ikatangaza mwamba ule kuwa fasi ya kulindwa. Leo watu wamehesabu pale aina zaidi ya 400 za samaki. Nyumba ya zamani ya walinzi wa taa imekuwa nyumba ya kupokea wageni na kufundisha. Watoto wa shule za Zanzibar wanaletwa kujifunza ginsi mwamba unaishi, maana wengi wamezaliwa ku kisiwa na hawajawahi kuingiza kichwa chini ya maji kuangalia.

Na walinzi wapya ni nani? Ni wavuvi wa zamani. Watu walioishi kwa kuchukua samaki walifundishwa kuwalinda, na kuwaeleza wavuvi wenzao kwa nini: samaki wanaozaa fasi iliyolindwa hawakai pale tu, wanatoka, wanaingia mu nyavu za inje. Kazi haikuwa nyepesi. Mvuvi anayekatazwa fasi ya babu yake hafurahi siku ya kwanza. Lakini mutu aliyekuwa mvuvi anaweza kuongea na mvuvi, na neno lake likasikika kuliko bunduki ya askari.

Hapo siye tuko na kitu cha kufikiri. Mgodi una mwisho. Wazee wa Kolwezi wameona mashimo yaliyokuwa na kelele usiku na muchana yakikaa kimya, na maji ya kijani ndani. Siku mgodi unafungwa, nani atalinda fasi ile? Nani atawaonyesha watoto fasi ambayo udongo ungali unatembea na maji ambayo si ya kunywa? Mtu wa kwanza wa kuulizwa ni yule aliyefanya kazi ndani miaka 20. Anajua kila ufa. Akili ile haipaswi kuingia kaburini pamoja naye bila kupewa kazi.

MAGARIBI MU KOLWEZI

Mnara wa Chumbe ungali unafanya kazi. Umepita miaka 120. Umeona majahazi, meli za moshi, na sasa boti zinazokata maji toka Dar mpaka Unguja kwa saa mbili hivi.

Njia za shaba nazo zinabadilika. Reli ya magharibi, ile ya Lobito, ilipokea shaba ya Katanga tangu 1931, ikakatwa na vita vya Angola mwaka wa 1975, na sasa imeanza tena kuibeba. Mutoto wa leo pengine atajua zaidi minara ya Atlantiki kuliko ya Zanzibar. Haidhuru. Kila bandari iko na mwamba wake, na kila mwamba unataka taa na mutu wa kuisikiliza.

Jioni, ukisimama pembeni ya muji wakati umeme umekatika, utaona ku mlima taa ndogo ndogo zinatembea. Ni ba creuseurs wanapanda ama wanashuka, kila mmoja na taa yake ku kichwa. Kwa mbali hujui nani ni nani. Nyumbani kuna mutu anayehesabu saa. Kwake, taa ile moja inapita minara yote ya bahari, na anataka tu kuiona ikirudi.

Kwa hiyo, wewe unayeshuka kesho: muzee akikuambia ukuta umetoa ufa, usimucheke. Na wewe mukubwa wa shimo: mufanyakazi akikuja kusema hapa pabaya, usimupunguzie siku yake. Amefanya kazi ya mnara. Mulipe.